Daktari wa jicho moja aliyefuata saratani kwa gari kuukuu

Kuna mstari unaopita hapa kwetu na hujawahi kuuona. Haujachorwa kwa rangi kama ile ya katikati ya Thika Road, wala hakuna askari anayesimama hapo kukuuliza kitambulisho. Ni mstari wa kimo: mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ruiru iko hapo hapo, Thika vilevile. Ukipanda gari la Garissa pale Thika likaanza kuteremka kuelekea Matuu, unauvuka ukiwa umesinzia. Ukipanda upande wa Gatundu, unauacha chini yako.

Zaidi ya miaka 60 iliyopita, daktari mmoja aligundua kwamba kwa watoto wa Afrika Mashariki mstari huo ulikuwa na maana kuliko mipaka mingi iliyochorwa na wakoloni. Chini yake kulikuwa na saratani iliyovimbisha taya za watoto na kuwaua ndani ya miezi michache tu. Juu yake, ilikuwa nadra kuiona.

Jamaa huyo aliitwa Denis Burkitt. Alifariki 1993, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Pengine hujawahi kusikia jina lake. Lakini kama unamjua mtu aliyepandikizwa figo, au anayeishi na virusi vya Ukimwi, au una mtoto mdogo nyumbani, stori yake inakuhusu. Tulia nikupe.

Mtoto wa mchora ramani

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, huko Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali ya kaunti, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa ndege. Mzee huyo alikuwa akiwakamata ndege wadogo, akiwafunga pete miguuni, halafu anachora ramani kuonyesha kila mmoja anamiliki kipande gani cha bustani. Majirani huenda walimwona amepagawa. Wataalamu wa ndege baadaye walimhesabu kati ya waanzilishi wa kazi hiyo. Weka hiyo ramani akilini, tutairudia.

Denis alipokuwa na miaka 11, vijana walikuwa wakirushiana mawe. Jiwe moja lilipiga miwani yake, kioo kikaingia jichoni. Jicho la kulia likaondoka. Kuanzia hapo aliishi na jicho moja, na kwa jicho hilo moja akaja kuwa daktari wa upasuaji.

Lakini si moja kwa moja. Alipoingia Chuo cha Trinity, Dublin, alianza na uhandisi kama baba yake. Haikumkaa. Akahamia udaktari, akamaliza 1935. Sisi tulioacha chuo katikati tunapenda sana stori za aina hii, tunazitumia kujitetea kwa wazazi. Lakini tusidanganyane: Burkitt hakuacha kusoma. Alibadilisha alichokuwa anasoma, kisha akasoma mara mbili zaidi.

Kufika Afrika nako kulikuwa na vikwazo. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, jeshi la Uingereza halikuwa na muda wa kuchagua sana. Likamchukua 1941, na katika safari za kijeshi akafika hapa Kenya na Somalia. Kenya haikuwa ngeni kwa familia yake. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari maarufu wa walowezi jijini Nairobi. Vita vilipoisha, 1946, Denis akapata alichotaka: serikali ya kikoloni ilimpeleka Uganda, kwanza Lira kaskazini, halafu Hospitali ya Mulago, Kampala.

Nyuso mbili

Kwa miaka kama kumi alifanya kazi ya kawaida ya daktari wa upasuaji: mifupa iliyovunjika, matumbo yaliyojisokota, hernia. Halafu ikafika 1957.

Daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Meno yalikuwa yamelegea. Burkitt hakujua ni nini. Maambukizi hayavimbishi pande zote nne kwa mpigo namna hiyo. Saratani za kawaida nazo huanzia sehemu moja. Alipiga picha, akabaki na swali.

Wiki chache baadaye akawa Jinja. Alipochungulia dirishani akaona msichana mdogo uani na mama yake. Uso ni ule ule. Akatoka mbio kumpima, akakuta tumboni pia kuna uvimbe.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya mara mbili. Yeye alirudi Mulago akafukua faili za zamani. Akakuta watoto wengine wengi, kila mmoja ameandikiwa jina tofauti la ugonjwa kulingana na mahali uvimbe ulipotokea: wa taya huku, wa figo kule, wa jicho pale. Alipowaweka pamoja, akaona ni ugonjwa mmoja unaovaa nguo nyingi.

Hapa lazima tuseme ukweli. Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona. Albert Cook, mmishonari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo miaka ya 1890, alikuwa ameacha maelezo ya watoto wenye uvimbe wa namna hiyo. Na wazazi wa Uganda walikuwa wameuona kabla ya mzungu yeyote, kwa sababu ndio waliokuwa wakizika. Hata jibu la kuwa ni saratani ya seli za kinga, ile inayoitwa limfoma, lilithibitishwa na wataalamu wa maabara wa Makerere kama Gregory O'Conor, si na Burkitt. Alichofanya Burkitt ni kukataa kuona kesi moja moja. Alitaka kuona umbo la jambo zima.

Mwaka 1958 aliandika kuhusu watoto hao katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Karibu hakuna aliyejali.

Safari ya kilomita 16,000

Sasa rudi kwenye ramani ya baba. Burkitt alijiuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la nne angeuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Akapewa pauni 25 za utafiti. Ndiyo, 25. Akachapisha vijikaratasi vyenye picha za watoto hao, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama wameona mtoto kama huyu. Majibu yalipoanza kurudi, alikuwa akichomeka pini kwenye ramani ukutani.

Pini zikajipanga. Zikafanya mkanda mpana katikati ya Afrika, kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia ulioteremka kando ya Bahari Hindi hadi Msumbiji.

Lakini ndani ya mkanda kulikuwa na mashimo. Kwa nini hapa upo, pale haupo? Barua hazikutosha. Oktoba 1961, Burkitt na wamishonari wawili wa kidaktari, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250, wakapakia vipuri, wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Walipitia Tanganyika na Nyasaland, ambayo ni Malawi ya leo, hadi Afrika Kusini, na wakarudi. Wiki kumi barabarani, kilomita kama 16,000, hospitali karibu 60. Kila walipofika walitoa picha zile zile na kuuliza swali lile lile. Hakukuwa na maabara ndani ya gari. Kulikuwa na albamu ya picha na maswali.

Walichokuta ni hiki. Karibu na ikweta, ugonjwa ulipotea ukifika mita 1,500 hivi kwenda juu. Lakini kadiri walivyoshuka kusini, kimo hicho nacho kilishuka, hadi huko mbali ugonjwa ukabaki kwenye nyanda za chini pekee. Kwa hivyo si kimo chenyewe kilichokuwa na maana. Alexander Haddow, aliyesimamia taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, aliitazama ramani akaielewa: hiyo ilikuwa ramani ya joto. Baadaye ikaongezwa mvua. Penye joto na mvua ya kutosha ugonjwa ulikuwepo. Penye baridi au ukame haukuwepo.

Na ni nani mwingine anayependa joto na mvua? Unamjua vizuri. Ni mbu.

Hapo ndipo malaria ikaingia kwenye stori. Mtafiti Gilbert Dalldorf na wenzake, wakitumia takwimu za hapa Kenya, walionyesha 1964 kwamba saratani hii imejaa pale malaria inaposhambulia watoto mwaka mzima: upande wa Ziwa Victoria na Pwani. Sisi wa kati, huku kwenye mashamba ya kahawa na mananasi, tuko ukingoni.

Kitu kwenye chupa yenye ukungu

Wakati huo huo, upande mwingine ulikuwa ukiiva. Machi 1961, Burkitt akiwa likizoni Uingereza, alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Aliyekaa akisikiliza alikuwa mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akisoma virusi vya saratani za kuku. Inasemekana alitoka pale akiwa ameamua kuacha kila kitu kingine. Wakakubaliana: Burkitt atume vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege, Epstein atafute virusi ndani yake.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu. Halafu Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika mwishowe, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu yeyote angedhani yameingiwa na bakteria na kuyamwaga. Epstein akachukua tone akaliweka chini ya hadubini. Hayakuwa bakteria, zilikuwa seli za saratani zilizo hai, zikielea. Msaidizi wake Yvonne Barr na mwenzao Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, wakafanya kazi pamoja naye kuzikuza na kuzipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Februari 1964 wakaviona: virusi ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Machi wakavitangaza katika jarida la Lancet. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr, na vikawa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Sasa shika kichwa. Virusi hivyo unavyo. Mimi ninavyo. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani wanavyo. Hupita kwa mate, na hapa kwetu wengi huvipata wakiwa wachanga. Vinaingia katika aina moja ya seli za damu nyeupe na kukaa humo maisha yote, kimya. Havikuui kwa sababu seli nyingine za kinga, zile zinazoitwa seli T, zinazunguka kama askari wa usiku na kuzuia vurugu.

Swali basi si nani anavyo. Swali ni nini hutokea askari wakilala.

Malaria inayorudi rudi inafanya mambo mawili: inazichosha seli T, na inazilazimisha zile seli zenye virusi kuzaana haraka haraka. Katika kuzaana huko, kosa linaweza kutokea, jeni moja inayoitwa MYC ikahama kutoka mahali pake na kuanza kuamrisha seli igawanyike bila breki. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana mtoto anavimba mbele ya macho yako.

Ufunguo huo huo ulifungua milango mingine. Mtu aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kutuliza kinga ili mwili usikikatae kiungo kigeni. Dawa hizo hizo huwalaza seli T. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, madaktari walikuwa wakishangaa kwa nini baadhi ya wagonjwa wao waliopona figo walikuwa wakipata limfoma. Kumbe virusi vya Epstein-Barr vilikuwa vimeamka. Kuna pia watoto wa kiume katika familia chache wanaozaliwa na upungufu wa kinga kiasi kwamba virusi hivi ambavyo kwako ni homa tu, kwao ni kifo. Na 1982, John Ziegler, daktari Mmarekani aliyekuwa ametibu watoto Kampala, alijikuta San Francisco akitazama wanaume wanne wenye saratani aliyoizoea Mulago. Huo ulikuwa mwanzo wa janga la Ukimwi. Yeye alijua anachokitazama kwa sababu alikuwa amekiona Uganda.

Leo, mgonjwa wa kupandikizwa akipata limfoma ya namna hii, hatua ya kwanza mara nyingi ni kupunguza dawa za kutuliza kinga, ili askari waamke. Katika miaka ya 1990, watafiti Wamarekani walianza kukuza seli T maabara na kuwapa wagonjwa waliokosa zao. Njia hiyo yote unaweza kuifuata kurudi nyuma hadi kwa mtoto mmoja wa miaka mitano Mulago.

Dawa, na deni

Usidhani watoto waliachwa wawe pini za ramani. Kampala haikuwa na mashine za mionzi, na kisu hakikusaidia, kwa hivyo Burkitt akajaribu dawa za saratani zilizokuwa mpya wakati huo, kama methotreksati. Hapa Nairobi, daktari wa masikio, pua na koo Peter Clifford alikuwa akifanya hivyo hivyo na watoto wa Kenya. Matokeo yaliwashtua. Uvimbe uliojaza uso ulikuwa ukiyeyuka baada ya dozi chache, na baadhi ya watoto hawakuugua tena kamwe. Wakati ambapo saratani ilikuwa hukumu, watoto wa Kampala na Nairobi walikuwa kati ya wa kwanza duniani kuponywa kwa dawa pekee. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kikafunguliwa Mulago, ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wageni walipoondoka wakati wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny ndiye aliyekishika kisife.

Lakini kuna deni. Ugonjwa una jina la Burkitt. Virusi vina jina la Epstein na Barr. Mtoto yule wa kwanza, yule wa dirishani Jinja, na mamia ya wengine ambao vipande vyao vilipanda ndege, wamebaki bila majina katika stori tunayoisimulia. Nami pia siwezi kukupa majina yao. Ninachoweza ni kukukumbusha kwamba walikuwepo.

Burkitt mwenyewe, kwa wote waliomjua, hakuwa mtu wa majigambo. Alikuwa Mkristo wa kupitiliza, wa kuomba kabla ya upasuaji, na alirudi Uingereza 1966 bila kelele. Huko akaanza maisha ya pili: akajiuliza kwa nini wagonjwa wa Uingereza walijaa magonjwa ya utumbo ambayo alikuwa hayaoni Uganda. Akaanza kulinganisha vyakula, na, usicheke, kupima uzito wa choo. Akahitimisha kwamba nyuzinyuzi ndizo zinazokosekana. Si yote aliyodai yamesimama, lakini kitabu chake cha 1979 kuhusu nyuzinyuzi kiliuzwa sana na kubadilisha kifungua kinywa cha Wazungu. Kwa ufupi, alizunguka dunia akiwaambia watu wale githeri. Alifariki Gloucester tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na miaka 82.

Mstari hauna ukuta

Mbona nikuambie haya yote wewe wa Kihunguro au Makongeni, unayeishi karibu juu ya mstari? Kwa sababu sisi hatukai mahali pamoja. Nusu ya ploti yenu wametoka Siaya, Busia, Homa Bay, Kilifi. Desemba ikifika watoto wanapakiwa kwenye basi kwenda kwa nyanya, wanarudi Januari. Hata Burkitt mwenyewe na mwenzake Dennis Wright waliona kwamba watu waliohama kutoka milima ya Rwanda kuingia nyanda za joto za Uganda waliupata ugonjwa pia, ila wakiwa na umri mkubwa zaidi ya wenyeji. Mstari haukai kwenye damu yako. Ni wa mbu.

Kwa hivyo, mambo matatu nakuachia. Neti ya mtoto isibaki Ruiru mnapoenda ushago. Aliyepandikizwa kiungo asipuuze tezi zilizovimba au homa isiyoisha. Amwambie daktari wake, na asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Na la tatu ndilo kubwa. Mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, au jicho likasukumwa nje, au tumbo likajaa kwa siku chache, usiishie kwa mtu wa kung'oa meno. Watoto wengi wa ugonjwa huu hung'olewa jino kwanza, na wiki zinapita. Mpeleke hospitali kubwa, Thika Level 5 au ile ya rufaa ya KU pale Kahawa, na useme wazi ni siku ngapi umeona uvimbe ukikua. Ni saratani inayokimbia kuliko karibu zote, lakini pia ni mojawapo ya zile zinazosikia dawa haraka. Siku zile ndizo zinazoamua.

Burkitt alikuwa na jicho moja, pauni 25 na gari la kusukumwa. Wewe una jirani mwenye mtoto. Ukiona uso kama ule dirishani, toka nje ukaulize.